Moshi wa Nani? Mabishano ya Mvua kati ya Masasi na Newala

Kutoka Masasi kwenda Newala ni safari ya kupanda. Nyuma unayaacha majabali ya Masasi, Mtandi na wenzake, yaliyosimama pweke katika tambarare. Mbele barabara inakwea hadi juu ya uwanda wa Makonde, na huko udongo ni wa kichanga, maji ya mvua hayakai. Yanazama, yanapenya tabaka kwa tabaka, kisha yanatokeza kama chemchemi chini kabisa, kwenye mguu wa genge. Watu wa juu wameyafuata huko vizazi na vizazi, ndoo kichwani. Mjerumani Karl Weule, aliyekaa Newala mwaka 1906, alishangaa kuona watu wamejenga mbali na maji kwa hiari yao. Mradi wa kuyasukuma maji kwa mashine hadi juu ulianza katika miaka ya 1950, na hadi leo bomba na kisima cha kuvunia maji ya bati vinasaidiana nyumbani. Kwa hiyo mtu wa Newala akikuuliza kama mvua itanyesha, haulizi kwa kupitisha muda.

Wazungumzaji wanaofuata nimewatunga mimi, na mkutano wao haukufanyika popote. Hoja zao ni za kweli, utazisikia kwenye chama cha msingi, kwenye kijiwe cha bodaboda, hata msibani. Nimewaketisha chini ya mkorosho mwezi Novemba. Minada ya korosho inaendelea, mvua ya kupandia bado. Wapo mzee wa Newala mwenye mikorosho ya kurithi, mwalimu wa jiografia kutoka Masasi, bwana shamba, mama mmoja mkulima, na kijana aliyemaliza chuo anayeendesha pikipiki akisubiri ajira.

MWALIMU: Shikamoo, mzee.

MZEE: Marahaba, mwalimu. Karibu ukae, ila leo nataka unijibu jambo. Kila mwaka inakuja gari, tunakusanywa, tunaambiwa mvua imepungua kwa sababu ya shughuli za binadamu. Halafu anayesema anatutazama sisi. Binadamu gani? Mimi nina jembe, panga na kiberiti. Hivyo ndivyo vilivyoifunga mvua ya Mungu?

MWALIMU: Havikuifunga, mzee. Lakini hali ya hewa inabadilika, na anayeibadilisha ni binadamu. Hilo limeshathibitishwa. Mwaka 2021 jopo la wanasayansi wa Umoja wa Mataifa liliandika kwamba halina shaka tena.

MZEE: Inabadilika, sikatai. Ilibadilika lini ikaacha? Kimbunga cha Lindi cha 1952 nilikuwa mtoto, wakubwa wakisimulia tunatetemeka. Watu walikufa. Nani alikuwa na gari wakati ule? Na kabla ya hapo, wazee wanasema mtu wa kwanza wa Kimakonde alichonga sanamu ya mti, ikageuka mwanamke. Wakazaa mtoto karibu na mto, akafa. Wakapanda kidogo, wakazaa wa pili, akafa. Wakaja juu huku pakavu, mtoto akaishi. Akatuusia tusikae karibu na maji. Sisi ukame tumeupokea kama wosia.

KIJANA: Na wosia ulikuwa na akili, babu. Waliokaa chini walionekana. Mwaka 1882 wapiganaji walioitwa Wamagwangwara waliivamia misheni ya Masasi, wakaua na kuteka. Huku juu kichaka kilikuwa kinene, adui hapiti.

MZEE: Umesema vyema, mjukuu wangu.

Hapa mwandishi naingilia, maana mzee kasema kitu ambacho wataalamu wa semina hukipita haraka. Uwanda wa Makonde haukuwahi kuwa bustani iliyoharibiwa juzi. Watu waliuchagua pamoja na kiu yake kwa sababu walikuwa na hofu kubwa kuliko kiu. Hata kile kichaka kilichowaficha kwa sehemu kilitokana na wao wenyewe: msitu uliofyekwa, ukalimwa, ukaachwa, ukarudi ukiwa kichaka cha kusongamana. Na mkorosho tunaokaa chini yake asili yake ni Brazili, uliletwa Afrika na Wareno. Ukitafuta hapa mahali ambapo mkono wa mtu haujagusa, utatafuta sana. Kwa hiyo kumwambia mzee wa Newala kwamba binadamu hubadilisha nchi ni kumwambia anachokijua kwa mikono yake. Anachokataa ni kwamba mkono wake unafika hadi kwenye mvua.

KIJANA: Mwalimu, mimi nimesoma kidogo, usinione kofia ya pikipiki. Wanasayansi wenyewe wanakosea. Mwaka 2002 Lonnie Thompson, yule Mmarekani aliyechimba barafu ya Kilimanjaro mwaka 2000, aliandika na wenzake kwamba barafu yote ingekwisha kati ya 2015 na 2020. Imekwisha? Wageni bado wanapanda kuipiga picha.

MWALIMU: Haijaisha, kweli. Lakini zaidi ya asilimia 80 ya ile iliyopimwa mwaka 1912 imekwenda.

KIJANA: Sawa, ila kuna wengine, Georg Kaser na Thomas Mölg, wanasema ilianza kupungua mwishoni mwa karne ya 19, hewa ya Afrika Mashariki ilipokauka. Theluji mpya ikawa haba, jua likawa linaila barafu moja kwa moja. Joto la viwanda lilikuwa bado halijafika. Sasa mnatuonyesha picha ya Kilimanjaro kama ushahidi, na ninyi kwa ninyi hamjakubaliana.

MWALIMU: Hapo umenishika. Kilimanjaro ni shahidi dhaifu, na mimi nisingeanza naye. Walimu tunampenda kwa sababu picha yake inaning'inia darasani.

KIJANA: Basi tuletee shahidi mwingine.

MWALIMU: Nitawaletea. Mzee, mihogo yako ikiibwa usiku unafanya nini asubuhi?

MZEE: Naangalia nyayo.

MWALIMU: Na wanasayansi wameangalia nyayo. Kwanza, hewa ya ukaa imeongezeka. Charles Keeling alianza kuipima mwaka 1958 juu ya mlima Mauna Loa, Hawaii. Alikuta sehemu 315 katika kila milioni ya hewa. Leo zimepita 420. Kabla ya viwanda zilikuwa karibu 280, hilo tunalijua kutokana na viputo vya hewa ya zamani vilivyonaswa ndani ya barafu ya ncha ya kusini. Pili, tunajua imetoka wapi. Kaboni iliyomo kwenye miti na wanyama ina aina moja yenye mnururisho, ambayo hufifia kadiri miaka inavyopita. Makaa ya mawe na mafuta yamekaa ardhini mamilioni ya miaka, hayana tena chembe yake. Basi hewa ya dunia, tangu viwanda vianze, imekuwa ikipata kaboni isiyo na alama hiyo. Hizo ni nyayo za mtu aliyechimba chini sana.

MZEE: Si za mkata mkaa?

MWALIMU: Mkaa wa mti wa jana alama bado unayo.

MZEE: Endelea. Sasa unaongea kama mtu.

MWALIMU: Tatu, kijana atasema labda jua ndilo lililokasirika. Jua likiongeza moto, hewa ingepata joto kuanzia juu hadi chini. Vipimo vinaonyesha chini inapata joto, na tabaka la juu, lile la ozoni, linapoa. Jua haliwezi kufanya hivyo. Hewa inayozuia joto lisipande ndiyo inayofanya hivyo, na Svante Arrhenius wa Sweden alishapiga hesabu yake mwaka 1896, kabla hata Weule hajafika Newala.

KIJANA: Hilo la tabaka la juu sikulijua.

Ningependa kusema kijana alishawishika palepale, lakini vijana wa vijiweni hawako hivyo. Alihamisha goli.

KIJANA: Haya, dunia ina joto. Mwaka 2024 ulipita kiwango cha nyuzi 1.5 juu ya enzi za kabla ya viwanda, nilisikia. Mwaka uleule, msimu uleule wa 2024/25, korosho ya Tanzania ilivunja rekodi, zaidi ya tani 500,000. Kama hali ya hewa imeharibika, mbona mkorosho haujaambiwa?

BWANA SHAMBA: Ngoja, hilo ni langu. Mkorosho si kipimajoto, mdogo wangu. Mwaka 1973/74 nchi ilivuna kama tani 145,000. Miaka kumi na mitatu baadaye, 1986/87, hata tani 20,000 hazikufika. Ingekuwa leo, kila mtu angesema tabianchi. Lakini kilichotokea kinajulikana. Operesheni ya vijiji iliwahamisha watu, mikorosho yao ikabaki kilomita kadhaa nyuma, pori likaimeza. Bei ikawa ya kukatisha tamaa. Na kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1970 ukaja ubwiriunga, ule ukungu mweupe unaokausha maua.

MZEE: Mimi nilihamishwa. Nilikuwa naamka alfajiri kwenda kuokota korosho zangu mwenyewe kama mwizi.

BWANA SHAMBA: Ndiyo hivyo. Na zao lilipopanda tena, lilipandishwa na salfa, na miche bora ya kituo cha utafiti cha Naliendele, na pembejeo za ruzuku, na bei ya mnada. Kwa hiyo anayesema korosho imeanguka kwa sababu ya tabianchi, na anayesema korosho imepanda kwa hiyo tabianchi haipo, wote wawili nawaambia waende kwanza wakaangalie bomba la kupulizia.

MAMA: Lakini mvua ya Julai?

BWANA SHAMBA: Mvua ya Julai ni kweli inatuumiza. Mkorosho unataka ukavu wakati wa kutoa maua. Manyunyu yakija wakati huo salfa inaoshwa, ua linakuwa jeusi. Ila siwezi kusimama hapa nikaapa kwamba manyunyu ya mwaka fulani yameletwa na kiwanda fulani. Nikiapa, mwakani yasipokuja mtanicheka.

Ninampenda bwana shamba huyu niliyemtunga kuliko wengi niliowasikia kwenye vipaza sauti. Tatizo la mjadala wetu wa tabianchi, hasa huku kusini, ni kwamba tumeufanya uwe jibu la kila swali. Kisima kimekauka: tabianchi. Kama pampu iliharibika na hakuna aliyekwenda kuitengeneza, jibu hilo linamfaa sana mwenye kuwajibika na pampu.

Na kuna jambo la mahali penyewe linalostahili kuelezwa taratibu. Mvua ya Newala na Masasi ni ya msimu mmoja, inaanza kama Novemba au Desemba na kwisha Aprili hivi, ukanda wa mvua unapolifuata jua kwenda kusini na kurudi. Mwaka wa El Niño, kaskazini mwa Tanzania na Kenya mara nyingi hupata gharika, na kusini mwa Afrika hupata ukame. Msimu wa 2023/24 ulionyesha hivyo: mafuriko kaskazini, huku Malawi, Zambia na Zimbabwe zikitangaza ukame kuwa janga. Mtwara, mkoa wa Newala na Masasi, ipo kwenye mshono wa hali hizo mbili. Mwaka mmoja inavutwa na kaskazini, mwaka mwingine na kusini. Ndiyo maana utabiri wa huku ni mgumu, na ndiyo maana kumbukumbu ya mzee kwamba mvua haijawahi kueleweka ina ukweli wake. Joto la dunia limeongezwa juu ya mvua ambayo tangu hapo ilikuwa kigeugeu. Kuutenganisha mkono wa binadamu na ukigeugeu huo, katika wilaya moja, msimu mmoja, ni kazi ambayo hata vituo vya vipimo tulivyonavyo ni vichache kuiweza. Katika dunia nzima kwa miaka 150, kazi hiyo imekwisha fanyika na jibu lipo.

Ukiacha lile swali la Julai, mama alikuwa amenyamaza muda mrefu, anamenya mihogo.

MAMA: Mmemaliza Hawaii? Mimi nina la hapa. Mama yangu alipanda mara moja. Mimi mwaka juzi nilipanda mara mbili. Mvua ya kwanza ilikuja, nikatia mbegu, jua likawaka hadi mahindi yakafa yakiwa na majani mawili. Mbegu ya pili niliikopa. Nani alipe, mimi sijui, ila mkopo uliandikwa jina langu.

MZEE: Pole, mwanangu. Ni majaribu.

MAMA: Baba, samahani, na ninyi wanaume si majaribu tu. Mioto ya kusaka panya inawashwa na nani? Mnachoma pori zima mtoke na mshikaki mmoja wa panya. Ming'oko, vile viazi vya porini tulivyokuwa tunachimba nyuma ya nyumba, sasa nakwenda hadi nichoke. Kuni vilevile.

MZEE: (anacheka) Panya wa Septemba ana mafuta, mama. Usimseme vibaya.

MWALIMU: Hapo ndipo mzee nami nataka tukutane. Mvua yetu inatoka Bahari ya Hindi. Moto wa panya hauizuii isije. Lakini mvua ikishaanguka, itafanya nini ardhini, hilo ni letu. Kichaka kikiwepo, maji yanazama taratibu na chemchemi ya chini inapata. Ardhi ikiwa tupu na imechomwa, mchanga unaondoka na maji, korongo linakua. Mmeona kingo za uwanda zinavyomegeka.

MZEE: Sasa kwa nini yule wa gari hasemi hivyo? Angesema, "Mzee, moto wako unamaliza kuni za mkeo na unabomoa genge," ningemwelewa leo leo. Anakuja kuniambia nimeichemsha dunia.

MWALIMU: Kwa sababu fedha ya semina imeandikwa tabianchi.

Kijana alicheka hadi akashika tumbo. Mimi pia, ila si kicheko cha furaha. Mmarekani mmoja kwa wastani hutoa kama tani 14 za hewa ya ukaa kwa mwaka kutokana na mafuta, gesi na makaa ya mawe. Mtanzania hafikishi hata nusu tani. Tofauti hiyo haielezwi kwenye mkutano wa kijiji kwa sababu aliyekaa mbele si Mmarekani, na sheria ndogo ya kijiji haimfikii. Anayefikiwa nayo ni mama mwenye mzigo wa kuni. Ni kweli kwamba Serikali yetu imekadiria tunapoteza karibu hekta 470,000 za misitu kwa mwaka, na hewa ya ukaa itokanayo na kufyeka misitu na kubadili matumizi ya ardhi duniani kote ni kama sehemu moja ya kumi ya ile yote inayotolewa na binadamu. Hiyo si ndogo, na simtetei mkata mkaa wa malori. Lakini ninapomsikia mzee akikana kwamba binadamu ameibadilisha hewa, nasikia mshtakiwa anayekana kosa la jirani. Mwonyeshe hesabu yote, jinsi ilivyogawanyika, halafu uone kama atakana.

KIJANA: Mwalimu, nina la mwisho na hili linauma. Gesi ya Mnazi Bay, mkoani kwetu, iligunduliwa 1982. Tangu 2006 inazalisha umeme. Bomba la kwenda Dar es Salaam lilikamilika 2015, na ninyi mnakumbuka 2013 palivyochafuka Mtwara, na Masasi pia, watu wakisema gesi haitoki. Leo gesi inatoka kila siku. Hiyo nayo ni kaboni iliyolala ardhini mamilioni ya miaka, au siyo? Nyayo zake zitasomeka kwetu?

MWALIMU: Zitasomeka. Kidogo, lakini zitasomeka.

MZEE: Kumbe na sisi tuna moshi!

KIJANA: Sasa mnataka ibaki chini? Waliochoma makaa ya mawe miaka 200 wamejenga, sisi tukipata chetu tunaambiwa dunia imejaa?

MWALIMU: Sijasema ibaki. Gesi inachafua pungufu kuliko makaa ya mawe, ila kuchafua inachafua. Mimi ningeichimba, na ningetaka fedha yake ionekane huku kwenye maji na kwenye miti. Lakini sitawadanganya wanafunzi wangu kwamba gesi yetu ni safi kwa sababu ni yetu.

KIJANA: Hapo hatutakubaliana.

MWALIMU: Tusikubaliane.

MAMA: Hiyo gesi nitapikia lini?

BWANA SHAMBA: Ile ya mtungi, mama, ni nyingine. Inakuja kwa meli kutoka nje. Ya Mnazi Bay inakwenda kwa bomba kuwasha mitambo ya umeme na viwanda. Serikali imeweka lengo kwamba kufikia 2034 watu 80 katika kila 100 wawe wanapika kwa nishati safi.

MAMA: Mpaka 2034 mihogo hii itakuwa mibichi? Nipe la leo. Nipande lini?

BWANA SHAMBA: Mamlaka ya Hali ya Hewa hutoa utabiri wa Msimu, wa Novemba hadi Aprili.

KIJANA: "Wastani hadi chini ya wastani." Mimi nimeshausikia. Wastani wa nani?

BWANA SHAMBA: Usiupuuze, lakini usipande kwa redio peke yake. Mama, mvua ya kwanza iache ipite. Chimba kwa mkono: ukikuta unyevu umeshuka zaidi ya kiganja, na mvua ya pili imefuata ndani ya wiki, tia mbegu. Nusu ya shamba iwe mtama na kunde, mahindi yasikalie shamba lote. Mihogo isikosekane pembeni.

MZEE: Kuchimba kwa mkono, mtama, mihogo pembeni. Hayo mbona mama yangu aliyajua, na hakuwa na gari?

BWANA SHAMBA: Aliyajua, mzee. Semina ya mahindi ndiyo iliyomsahaulisha.

MZEE: Semina ya nani?

BWANA SHAMBA: Yetu.